Jinsi ya kutumia "undeservedly" kwenye sentensi bila kujichanganya

Mechi ikiisha pale uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma watu wanatoka na maneno mawili tu midomoni, timu yako ikifungwa ni "tumeonewa" na wenzio wakishinda ni "wamebebwa". Kiswahili kimetupa kitenzi cha kila upande, kuonewa ni kupata baya usilostahili na kubebwa ni kupata zuri usilostahili, mtu akisikia neno moja tu anajua nani analia na nani anachekelea. Sasa Kiingereza kwa pande zote mbili kina kielezi kimoja, undeservedly, na hapo ndo wengi wanapojikwaa, maana wakishakariri kwamba ni "bila kustahili" wanaitupia popote wakidhani inajieleza yenyewe. Haijielezi. Undeservedly haina upande, upande unaletwa na neno inalokaa nalo, ukishaelewa hilo mengine yote huko mbele ni marekebisho madogo madogo.

Chukua hizi mbili. "The visitors undeservedly won." Wageni wameshinda na hawakustahili, wamebebwa. "The visitors undeservedly lost." Wageni wamefungwa na hawakustahili kufungwa, hao wameonewa. Kielezi ni kile kile hakijabadilika hata herufi, kilichogeuza habari nzima ni won na lost. Ndo maana inakaa vizuri sana na vitenzi ambavyo utamu au uchungu wake uko wazi: praised, promoted, rewarded, kwa upande wa neema, na blamed, punished, sent off, overlooked, forgotten kwa upande wa maumivu. "He was undeservedly promoted" hamna mtu atauliza swali, kapandishwa cheo kwa mteremko. "She was undeservedly blamed" nayo hamna swali, katupiwa lawama zisizo zake.

Balaa linaanza pale kitenzi chenyewe nacho hakina upande. "The officer was undeservedly transferred to Mpwapwa." Haya niambie, kuhamishiwa Mpwapwa ni zawadi au adhabu? Kwa mtu ambaye kwao ni huko, familia iko huko na miaka yote alikuwa anaomba arudi, hiyo ni neema, na aliyeandika hiyo sentensi pengine ni mwenzie aliyeikosa hiyo nafasi na ana hasira. Kwa mtu aliyeshajenga Ilazo na watoto wanasoma hapa Dom mjini hiyo ni adhabu na atatafuta kila namna asiende. Sentensi moja kesi mbili, na msomaji yuko katikati anabahatisha. Kwahiyo ukiona kitenzi kimekaa tu katikati kama transferred, treated, described, judged, mwongezee msomaji neno la kumwonyesha njia: "The officer was undeservedly punished with a transfer to Mpwapwa", au kama ni ule upande mwingine, "was undeservedly rewarded with a transfer to Mpwapwa". Hapo hata asiyewajua wahusika anaelewa. Na "he was undeservedly treated" ndo ifute kabisa, treated vipi sasa? Andika "treated harshly" au "treated unfairly" upumzike.

Kuna kipimo ambacho mi huwa nakitumia hata nikiwa na haraka, na kwa kazi hii ya kupitia barua na ripoti za watu haraka ni kila siku. Toa ile un- ya mwanzoni ibaki deservedly afu soma sentensi tena. Kama bado ina akili, hata kama sasa inasema kinyume, basi undeservedly iko mahali pake. Kama imegeuka kituko, kielezi hicho hakikutakiwa hapo toka mwanzo. Jaribu na hii: "A cyclist was undeservedly knocked down by a lorry near Sabasaba." Itoe un-, inabaki "deservedly knocked down by a lorry", yaani kuna mwendesha baiskeli anayestahili kugongwa na lori? Hayupo. Kwahiyo ile ya kwanza nayo ilikuwa na kasoro, isipokuwa haikuonekana kwasababu nia ilikuwa njema. Alichotaka kusema mwandishi ni kwamba yule mtu hakuwa na kosa, na kwetu tunasema kagongwa bila hatia, sasa bila hatia na bila kustahili kwenye Kiingereza zinaenda njia mbili. Ya kwanza unaiweka kwa mtu: "An innocent cyclist was knocked down." Ya pili inataka kitu ambacho kuna watu wanakistahili kweli na wengine hawastahili, kama lawama: "The cyclist was undeservedly blamed for the accident." Hapo jaribu tena kipimo, "deservedly blamed", inaingia vizuri tu, kuna madereva wanaostahili lawama na tunawajua. Hivyo hivyo kuibiwa, kufiwa, kuugua malaria, mvua kukunyeshea ukiwa kwenye boda, hizo zote ni shida za dunia na wala hazigawiwi kwa kustahili, undeservedly iache pembeni.

Kipimo hicho kinakamata na kosa lingine, la kuiweka kwenye kitendo badala ya matokeo. "She undeservedly cooked for the guests." Kupika ni kazi kaifanya, hajapewa wala hajapokonywa kitu, sasa kustahili kunaingiaje? Labda ulitaka kusema kapikia wageni ambao hawakustahili kupikiwa, basi sema hivyo, "She cooked for guests who did not deserve it." Kielezi hiki kinaenda na kile mtu anachopata au kinachompata, ndo maana ukikisaka kwenye magazeti ya Kiingereza utakikuta mara nyingi kimekaa na kauli ya kutendwa, was hiki was kile, au na vitenzi vya kupokea na kukosa kama win, lose, receive, get, miss out.

Sasa mfano wa karibu kabisa, maana huu unarudi rudi sana kwenye barua za wanafunzi za kulalamikia matokeo. Mtu anaanza hivi: "I write to complain undeservedly about my coursework marks." Akilini mwake kasema "naandika kulalamikia alama za coursework nilizopewa bila kustahili". Kilichoandikwa pale sicho. Kielezi kimekaa na complain, kwahiyo kisichostahili pale ni malalamiko yenyewe, kijana kamwandikia mkuu wa idara barua ya kukiri kwamba analalamika bila sababu, na ameisaini. Hapo dawa ni kuvuta kielezi kutoka kwa complain ukipeleke kwenye kile kilichompata: "I write to complain about my coursework marks. I believe I was undeservedly marked down." Na mi ningeenda hatua moja mbele, hiyo sentensi ya pili peke yake ni hisia, aliyekosewa kweli na anayejitetea tu wote wanaandika hivyo hivyo, kwahiyo ifuate na ushahidi palepale: kazi niliwasilisha tarehe fulani, nakala ya risiti hii hapa, maswali mawili hayakusahihishwa. Afu ukiona ushahidi umetosha unaweza hata kuifuta undeservedly isiwepo, msomaji ataifikia mwenyewe kichwani, na ikitoka kichwani kwake ina nguvu kuliko ikitoka kwako.

Twende kwenye nafasi, yaani inakaa wapi. Sehemu salama kuliko zote ni kabla ya kitenzi kikuu, na kama kuna was, has, been na ndugu zake inaingia baada ya hao wasaidizi na kabla ya kitenzi chenyewe: "He was undeservedly sent off", "The song has been undeservedly forgotten". Sehemu ya pili ni mwishoni kabisa, baada ya kila kitu: "He received the prize undeservedly." Pasipofaa ni katikati ya kitenzi na kile kilichopokelewa, "He received undeservedly the prize", na hili kosa tunalifanya sana kwasababu Kiswahili kinaturuhusu, alipokea bila kustahili ile zawadi, hamna anayeshtuka. Kiingereza hakipendi kitu kiingie kati ya received na the prize. Ukijisikia kuchomeka hapo, isogeze mbele au irudishe nyuma.

Mwishoni nako kuna mtego kama sentensi ni ndefu. "The headmaster punished the boy who came late undeservedly." Kipi hakikustahili, adhabu au kuchelewa? Kielezi kimekaa jirani na came late kwahiyo msomaji ataanza kukifunga hapo afu arudi nyuma kutafuta maana. Igeuze, "The boy who came late was undeservedly punished", imeisha. Na angalia kilichotokea hapo, mwalimu katoka kwenye sentensi. Undeservedly inapenda kumtazama aliyepata, siyo aliyefanya, ukitaka kumsema aliyefanya kuna neno lingine nitalileta huko mbele.

Kuianza sentensi nayo, "Undeservedly, the home side lost", kisarufi haina kosa, weka tu koma baada yake. Mi binafsi siipendi sana, inasikika kama mtangazaji anahukumu kabla hajatusimulia mechi. Bora ile ya kuisukuma mwishoni na koma: "The home side lost 1–0, rather undeservedly." Hiyo rather inapunguza makali, ni kama kusema "kwa kweli hawakustahili vile", na Waingereza wanaiweka sana hapo. Kuna nyingine nzuri ya kumalizia, "and undeservedly so". Kwa mfano mlenda. Mtu wa pwani akija hapa akiona tunauvuta na ugali wa uwele anaanza vichekesho vyake, sasa mwambie: "Mlenda is often laughed at outside Dodoma, and undeservedly so." Unasema jambo kwanza, afu unalitolea hukumu kwa mkia mfupi, inatembea vizuri ukiandika na hata ukiongea.

Matumizi ambayo watu wanayasahau na kwa maoni yangu ndo matamu kuliko yote ni kuiweka mbele ya kivumishi au neno linalofanya kazi ya kivumishi. "Undeservedly harsh criticism", ukosoaji mkali kuliko ulivyostahili kuwa. "An undeservedly bad reputation". Hapa ndo neno linapata kazi ya maana, la kutetea kitu ambacho dunia imekipita bila kukitazama, na mkoa huu una vitu vya namna hiyo kibao. Michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo ukiwa njia ya kwenda Babati, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO toka 2006, lakini watalii wanaenda zao Serengeti na Ngorongoro na wengi wetu wa hapa hapa hatujafika. "The Kondoa rock paintings are undeservedly neglected." Jaribu kutafuta sentensi fupi kuliko hiyo inayosema michoro ina thamani, watu hawaendi, na hiyo siyo haki, yote matatu kwa mpigo. Zabibu zetu hivyo hivyo, mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi zinalitamani, bado mtu anaingia dukani ananyoosha mkono kwenye chupa ya Afrika Kusini: "Dodoma wine is undeservedly ignored in its own country." Na Hukwe Zawose, mzee wetu wa Kigogo, mwanamuziki mpigaji wa zeze na ilimba, aliyefariki 2003, huko nje walimjaza kwenye majukwaa ila muulize kijana wa leo hapa Nkuhungu kama anamjua: "Hukwe Zawose, undeservedly little known among young Tanzanians, played to audiences around the world." Angalia hiyo ya mwisho, kielezi na maneno yake vimefungwa kwa koma mbili katikati ya jina na kitenzi, hiyo ni staili ya makala na inapendeza ukiitumia mara moja moja.

Na kuna moja inaniuma, hii tabia ya huko Dar na kwingineko kumwona kila Mgogo ni ombaomba. "The Gogo are undeservedly portrayed as beggars." Ukikutana na mgeni anakuletea hayo kwa Kiingereza, jibu unalo.

Kwenye hii sehemu ya vivumishi kuna vitu viwili vya kuandika sawa. Kimoja, kabla yake ni an siyo a, kwasababu inaanza na sauti ya "a" kabisa, an undeservedly harsh review. Ni tofauti na university ambayo inaanza na u lakini inatamkwa "yu", ndo maana ni a university, na hapa mjini kwenye vyuo hivi vyote bado unaona "an university" kwenye CV. Kingine, usiweke kistari baada ya -ly, ni undeservedly harsh, siyo undeservedly-harsh.

Halafu ukoo wake, maana watu wanawachanganya ndugu. Undeserved ni kivumishi cha kitu kilichopatikana: an undeserved win, undeserved praise. Undeserving ni kivumishi cha mtu asiyestahili: an undeserving winner. Ukisema "he is undeserved" umesema mtu mwenyewe ndo zawadi au adhabu iliyotolewa kimakosa, kichekesho, sema "he is undeserving" au rahisi zaidi "he doesn't deserve it". Kitenzi undeserve hakipo kwenye matumizi, "he undeserved the job" hamna, ni "he didn't deserve the job". Undeservely hamna pia, lazima ile d ipite katikati, undeserved kwanza afu ndo -ly. Undeservingly utaikuta kwenye kamusi kubwa lakini ni nadra, sioni sababu ya kuihangaikia.

Hatari kuliko zote ni underserved, na hii naikuta sana kwasababu mjini hapa kila mtu anaandika maandiko ya miradi. Underserved ni neno halali kabisa, ni under na served, maana yake eneo au jamii isiyofikiwa na huduma za kutosha. "Underserved communities in Chamwino" ni vijiji visivyo na maji au zahanati ya kutosha, sawa. "Undeserved communities in Chamwino" maana yake ni jamii ambazo hazikustahiliwa, sijui na nani, na mfadhili akisoma hapo ama atacheka ama atakasirika. Tofauti ni r moja tu iliyoongezeka kwenye underserved, na kompyuta haitakuwekea mstari mwekundu kwasababu maneno yote mawili inayajua. Kabla hujatuma andiko, tafuta kila sehemu yenye served na uisome kwa macho yako.

Kwa wanaopenda kujua neno limetoka wapi, deserve ina serve ndani yake kweli, Kiingereza kiliipata kwa Wafaransa na asili yake ni Kilatini, wazo lake la zamani ni mtu aliyetumika vizuri mpaka akawa na haki ya kupata kitu. Ndo maana neno limebeba harufu ya jasho mpaka leo.

Sasa majirani, yale maneno yanayofanana nayo na yanayowafanya watu wakosee pasipo kujua. Unfairly ndo lile nililosema nitalileta, hilo linamtazama aliyefanya na namna alivyofanya. Refa kapendelea, mwajiri hakukusikiliza, usaili ulikuwa na majina yaliyopangwa, hiyo yote ni unfairly. Undeservedly inatazama kama matokeo yanalingana na ulichofanya. Ndo maana inawezekana kabisa kupoteza undeservedly bila kupoteza unfairly, mmecheza mpira mwingi, mmegonga mwamba mara kibao, refa kachezesha vizuri hana kosa, afu dakika za mwisho mpira umemgonga beki wenu umeingia. Hakuna aliyewaonea, ila hamkustahili kufungwa. Hapo unfairly ni kumsingizia refa, undeservedly ni neno lenyewe.

Tofauti hii ukiingia kwenye mambo ya kazi siyo ya mchezo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa Kiingereza inatumia neno unfair kwenye mambo ya kuachishwa kazi, unfair termination, na inachoangalia ni kama sababu ya kukuachisha ilikuwa halali na kama utaratibu uliofuatwa ulikuwa wa haki. Kwahiyo barua au fomu yako ya malalamiko kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi isiandikwe "I was undeservedly terminated", hilo litasikika kama unaomba huruma, unaeleza kwamba wewe ni mtu mzuri. Andika "I was unfairly terminated" afu eleza sababu haikuwepo au hukupewa nafasi ya kujitetea. Neno la sheria litumie kama lilivyo kwenye sheria, ubunifu peleka kwenye makala.

Wrongly nayo ina sehemu zake, inakaa na kukosea kwa ukweli: wrongly accused, wrongly convicted, mtu kashtakiwa au kahukumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Ukiandika undeservedly convicted mwenye lugha yake atakuelewa ila atahisi kitu hakijakaa. Unduly ndo watu wanaichukulia kama ufupisho wa undeservedly na siyo, unduly ni kupita kiasi: "Don't be unduly worried", usiwe na wasiwasi kupitiliza. Haizungumzii kustahili.

Kuna geuza moja ya Kiingereza ambayo ukiikuta kwenye kusoma itakuvuruga kama hujaonywa, not undeservedly. Kukanusha mara mbili, maana yake alistahili, tena kabisa, ila inasemwa kwa upole wenye sindano. Mfano mzuri uko Kongwa. Serikali ya Uingereza ilianzisha ule mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta, wakafyeka mapori, mvua hamna, udongo ukikauka unakuwa kama zege, mashine zikawa zinavunjika, 1951 wakauacha. "The planners were criticised, and not undeservedly." Waliopanga walisemwa, na walistahili kusemwa. Ukitaka kuwa wazi tumia tu deservedly, "The planners were deservedly criticised", ile nyingine ni ya kuandikia mtu unayejua atasoma polepole. Usiiweke kwenye barua ya kazi, msomaji mwenye haraka ataruka ile not na utakuwa umesema kinyume.

Matamshi yanaangusha hata wanaoandika vizuri. Undeserved ina silabi tatu, an-di-zaavd, ile ed ya mwisho haisikiki kama silabi. Ukiongeza -ly ile ed inafufuka: an-di-zaa-vid-li, silabi tano, mkazo kwenye zaa. Usiseme "andizaavdli" ukaimeza. Ni mtindo huo huo wa supposed na supposedly, alleged na allegedly, hiyo ya mwisho ukiifuatilia kwenye taarifa za habari za Kiingereza utaisikia karibu kila siku, a-le-jid-li. Ukiizoea hiyo, undeservedly itatoka yenyewe.

Jizoeze na hizi afu uone majibu yangu. "Amepewa kadi nyekundu bila kosa." Hapa wengi wanakimbilia undeservedly, na inafaa: "He was undeservedly sent off." Lakini kama unataka kusema refa alikuwa na lake jambo, "He was unfairly sent off." "Kijiji chetu kimesahaulika wakati kina historia kubwa." Our village has been undeservedly forgotten, na historia utaieleza sentensi inayofuata. "Kasifiwa kwa kazi aliyofanya mwenzie." He was undeservedly praised for a colleague's work, ingawa hapo maneno ya mwisho tayari yameshatoboa kila kitu, hivyo "He was praised for a colleague's work" inatosha na inauma zaidi. "Alirithi nyumba Area C." Hapa usiweke. Kurithi hakuangalii kustahili, mtu karithi kwa babake basi, na ukiandika "He undeservedly inherited a house in Area C" umeingilia ugomvi wa familia ambao hukuitwa.